Ng'ombe Aliyetoka kwa Nikodemo

Ng'ombe wa tatu alitupa mimba Jumanne asubuhi, na wiki iliyofuata Hana naye akapoteza mimba yake ya miezi mitano. Watu wa kijiji kile, mwendo mfupi tu kutoka stesheni ya Gulwe, hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Waliyaunganisha mambo hayo mawili wenyewe, na kila aliyeunganisha alimkuta Hana katikati.

Mumewe, Luka, alikuwa mtu wa kuzunguka minadani na mbuzi, kwa hiyo ng'ombe wote kumi na mmoja walikuwa mikononi mwa Hana. Yule wa tatu kondo la nyuma lilimkwama. Hana alikunja mikono ya blauzi, akaingiza mkono hadi kiwikoni, akalivuta taratibu mpaka likatoka. Alinawa kwa maji ya kidumu, akaenda kusonga ugali. Hata wale wawili wa kwanza aliwahudumia hivyohivyo. Na tangu yule wa kwanza, homa ilikuwa ikimjia na kumwacha, jasho likimlowesha kanga, viungo vikimuuma kama mtu aliyelima ekari nzima. Zahanati walimpa dawa ya malaria, wakampa tena, kisha wakamwambia ni taifodi.

Siku ya nne baada ya kukizika kile kichanga, Nikodemo, kaka mkubwa wa Luka, aliitisha kikao cha ukoo.

"Ng'ombe wanatupa, mwanamke anatupa," alisema. "Zizi moja, nyumba moja. Simlaumu mtu, ila penye mkosi pasafishwe. Shemeji arudi kwao kwa muda, nasi tutafute mtaalamu wa mambo hayo."

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Luka alitazama viatu vyake, akaendelea kuvitazama hadi kikao kikaisha. Hana alikuwa bado anatoka damu.

Hakurudi kwao. Asubuhi alipanda bodaboda hadi ofisi ya kata, akarudi na Munira, mtaalamu wa mifugo, mwanamke wa Kondoa asiyependa maneno mengi. Munira alivaa glovu ndefu, akawatoa damu ng'ombe mmoja mmoja. Alipofika kwa ng'ombe mweusi mwenye baka tumboni alisimama, akalishika sikio lake. Lilikuwa limechanika, na kovu lilikuwa la zamani.

"Huyu mmempata wapi?"

"Tulipewa na shemeji Nikodemo, mwaka jana. Alisema tuongeze zizi."

Munira alilipapasa kovu kwa kidole. "Hapa palikuwa na hereni ya njano," alisema. "Nilimvisha kwa mkono wangu. Mtu ameing'oa."

Majibu yalirudi kutoka Dodoma baada ya siku kumi: ng'ombe watano walikuwa na brusela, na damu ya Hana, iliyopimwa hospitali ya wilaya, ilikuwa nayo pia. Munira alimweleza bila kumficha. Ni bakteria wa aina kadhaa za ukoo mmoja: wa ng'ombe, wa mbuzi, wa nguruwe. Hukaa kwenye kondo na majimaji ya uzazi, hukaa kwenye maziwa mabichi. Ng'ombe humtupisha mimba. Binadamu humtia homa isiyokwisha, na mjamzito anaweza kupoteza mtoto.

"Zizi la shemeji yako nililipima Februari ya mwaka juzi. Wanne walikuwa nayo, nikawavisha hereni za njano. Nilimwambia hawa ni wa machinjioni tu, wasiuzwe, wasigawiwe."

Jioni ile Hana alimwambia Luka kwamba ataitisha kikao.

"Mwanamke haitishi kikao," Luka alisema. "Na yule ni kaka yangu."

"Na tuliyemzika alikuwa nani yako?"

Kesho yake Hana alipita nyumba hadi nyumba, akawaita watu walewale waliomhukumu, waje uani kwa Nikodemo saa nne. Walikuja, wengine kwa umbea tu, na Munira naye alifika. Alisimama katikati yao akasema yote, kuanzia sikio lililochanika hadi kipimo cha damu yake, na sauti yake haikutetemeka.

"Ulijua," alimalizia. "Ulikaa hapa ukaniita mkosi, na ulijua."

"Ugonjwa wa ng'ombe ni wa ng'ombe," Nikodemo alisema. "Ningejuaje kama unahamia kwa mtu?"

"Nilikwambia," Munira alisema. "Nilikwambia pale penye lango lako, na nikakwambia mchemshe maziwa."

Nikodemo alijifuta uso. "Basi. Nitatoa ng'ombe, tuyamalize kindugu."

"Wa zizi lipi?" Hana aliuliza.

Gladness, mke wa Nikodemo, alikuwa akigawa uji. Aliweka birika chini.

"Daktari, umesema ulipima lini?"

"Februari, mwaka juzi."

Gladness alimgeukia mumewe. "Wa kwanza alinitoka tukivuna karanga, mwaka huohuo. Wa pili mwaka jana. Mara zote mbili ulinipeleka kwa mganga wewe mwenyewe, umenishika mkono. Nikanywa mizizi hadi nikatapika damu. Na maziwa ulikuwa ukisema yakichemshwa yanapoteza ladha."

Nikodemo aligeuka kuangalia lango la zizi.

"Daktari," Gladness akasema, "katika wale wanne, wawili bado wamo. Njoo nikuonyeshe."

Nikodemo aliinuka akasimama langoni mwa zizi, mikono ameitanua. Ndipo mama yake mzazi alipomwambia, "Ondoka hapo. Wajukuu zangu watatu." Akaondoka.

Ng'ombe wale walipelekwa machinjioni, pamoja na watano wa Hana. Jumatatu wanawake wale wawili walipanda basi kwenda hospitali Dodoma, Gladness naye akakutwa na ugonjwa uleule, wakapewa vidonge vya wiki sita. Njiani kurudi Gladness alilia mara moja tu, karibu na Kongwa, na Hana akamwachia bega lake.

Homa ilikwisha. Luka aliomba radhi mbele ya mama yake, akaacha kwenda minadani mpaka mkewe alipopata nguvu. Gladness alibaki kwa mumewe kwa ajili ya Denis, mwanawe, lakini maziwa ya nyumba ile akawa anayachemsha yeye mwenyewe, na funguo za zizi akawa anazifunga kwenye pindo la kanga yake.

Baada ya mavuno Nikodemo alikuja kuwajulia hali. Luka alimkaribisha. Hana aliitikia salamu yake, akaendelea kupepeta uwele, na kigoda hakumtolea.