Kibuyu Mbele ya Trekta

Wifi yangu Leonilda aliburuta kiti cha jikoni hadi shambani, akakitua mbele ya trekta la kaka yake, akaketi. Chupa ya maji moto miguuni, kibuyu cha chimarrão, chai chungu ya majani ya kwetu, mkononi, mrija mdomoni. Darci, mume wangu, alikuwa juu, tangi la dawa ya magugu limejaa, injini inanguruma. Akapiga honi. Leonilda akafyonza taratibu, kama mtu anayesubiri misa ianze.

Nyuma yake ilikuwapo mizabibu aliyoachiwa na baba yao, ndiyo kwanza imechanua. Dawa ile ikipeperuka kidogo tu ingeikunja majani yote, na msimu huo asingepata hata chupa ya divai. Kazi nyingine hakuwa nayo.

Nisiseme uongo: mbegu mpya ya soya tuliipokea kwa vigelegele. Kabla yake, majira yote ya joto tulikuwa tumeinama na jembe. Wanawake wa kwetu walizeeka migongo kabla ya nyuso. Ikaja soya iliyobadilishwa vinasaba. Unaimwagia dawa, magugu yanakufa, yenyewe inabaki inakutazama. Darci akaacha kulima kwa plau, na mvua ikaacha kututeremshia udongo mtoni. Mimi nikapata mchana mzima wa kupokea wageni, na habari za kijiji zikawa zinapita jikoni kwangu kabla hazijamfikia padri.

Ila ilikuwa dawa ileile kila mwaka, shamba lilelile. Gugu moja, buva, likaizoea; tukilinywesha, linanenepa. Ndipo Darci akanunua hii nyingine, kali, ya kupiga kabla ya kupanda, inayosafiri na upepo.

Sasa, kwetu ukinyooshewa kibuyu ukakikataa, umetangaza ugomvi. Leonilda alikijaza maji, akamnyooshea kaka yake bila kuinuka. Darci akazima injini, akashuka akinung'unika.

Na mtu wa huku akiona kibuyu kinazunguka, hapiti. Jirani yetu Genésio akasimamisha gari, akauliza nani kafariki. Mkewe akaleta keki ya mahindi. Muda si muda tulikuwa duara zima, tumekalia ndoo na matairi, tunaijadili ndoa ya haraka ya binti wa muuza mikate. Upepo ukaanza. Kila mtu aliuona ukiitikisa mizabibu, hakuna aliyeutaja.

"Kaka," Leonilda akasema mwishowe, "wewe piga dawa yako. Lakini Krismasi ya mwakani utakunywa nini, soya?"

Watu wakacheka, isipokuwa Darci.

"Nisipopiga, buva litaimeza soya yote. Wanangu wale zabibu zako?"

Hapo nikajitosa. Nikasema upande wa mizabibu tupalilie kwa mikono, sote, kama zamani. Genésio akauliza nani bado ana jembe. Yetu yote tulishamuuzia mnunua vyuma chakavu. Yaliyobaki kijijini yalining'inia kwenye ukuta wa ukumbi wa parokia, yamepakwa vanishi na kufungwa maua ya karatasi, kuwaonyesha wageni jinsi babu zetu walivyoteseka.

Padri aliyatoa huku akicheka mpaka machozi. Jumamosi ile tukapalilia kwa majembe yanayong'aa kama viatu vya bwana harusi. Genésio alijitoboa kiatu. Tulichinja kuku, tukaimba, tukawasengenya wasiokuja, na jioni hakuna aliyeweza kunyooka. Upande wa pili wa shamba, nyuma ya kilima, Darci alipiga dawa asubuhi moja upepo ulipotulia, kisha akapanda mbegu ileile shamba zima. Baada ya Jumamosi ile, mgongo wangu haukuwa na pingamizi.

Februari, Leonilda alipovuna, Darci alikwenda bila kuitwa, akabeba makreti mchana kutwa. Kutoka mizabibuni soya yake ilionekana, kijani kibichi, na mabua machache ya buva tuliyoyaruka yamesimama katikati yake. Akachuma zabibu moja, akaitafuna, akasema mwaka huu zina uchachu kidogo.

"Kula nyingine," Leonilda akamwambia.