Mkwe Aliyekunywa Mto

Nina wageni wengi ndani, hata siku moja hawajaniomba ugali.

Wajukuu zangu walihangaika na kitendawili hicho. Mmoja alisema panya, mwenzake akamkatalia, panya wanaomba ila hawasemi. Nilipewa mji, nikawatajia jibu: televisheni. Nilikitunga mwenyewe mwaka huu, baada ya tamthilia ya Nyamvua kuingia kwetu Misunkumilo na kutukalisha wote kwenye mabenchi ya banda la televisheni la Deusdedit kila Jumamosi jioni, wakubwa kwa wadogo.

Kwa asiyemjua, Nyamvua ni msichana muuza maandazi. Radi ilimpiga akiwa sokoni, badala ya kufa akaamka na nguvu. Sasa akinyoosha mkono wingu linakuja. Anaruka juu ya mapaa, anaokoa watoto wa watu, halafu anarudi kwenye maandazi yake kama hakuna lililotokea. Adui yake anaitwa Kiangazi. Huyo anatoka chini ya mchanga, kifua wazi, macho mekundu, anapiga magoti kando ya mto, anainamisha mdomo, na mto wote unaisha. Samaki wanabaki wanarukaruka kwenye tope. Mara ya kwanza kumwona nilishika rozari yangu, nasema kweli.

Basi watu walivyoipokea! Watoto wakawa wanafunga khanga za mama zao shingoni na kuruka kutoka kwenye vichuguu. Maiko wa bodaboda aliandika NYAMVUA kwenye pikipiki yake, mbele na nyuma. Na ubishi pale bandani ulikuwa hauishi hata matangazo yakiingia.

"Nyamvua anamtandika yule kabla hajamaliza chai!" Maiko anasema.

"Labda masika," Deusdedit anamjibu. Yeye ndiye mwenye banda na anapenda kuchokoza. "Mkutanishe naye mwezi wa nane uone. Mawingu atayatoa wapi?"

"Anayo ya akiba."

"Anayabebea kwenye nini, kwenye beseni la maandazi?"

Lakini hakuna aliyemchukia Kiangazi kumshinda mkwe wangu Lucia, mke wa mwanangu Felisiani. Lucia ni mwanamke mpole, kanisani anasali kwa sauti ndogo. Pale bandani alikuwa anakaa benchi la mbele, anapiga mapaja: "Mchape! Mchape mwizi wa maji huyo! Wewe, mama yako alikunyima uji?" Deusdedit alikuwa anasema Lucia akikosekana, kipindi kinapoa.

Sasa ndiyo tukaja kugundua kwamba Kiangazi ni mtoto wa kijiji cha Litapunga, si mbali na kwetu.

Jina lake Optatus. Alikwenda Dar kutafuta kazi ya ufundi rangi, akapaka rangi nyumba za watu wa maigizo, wakamwona urefu na macho, wakamchukua. Na kumbe kabla ya hayo yote alikuwa amekwisha kuelewana na mjukuu wangu Jeniffer, binti wa Felisiani na Lucia, tangu kwaya ya vijana. Mshenga wao, Mzee Apolinari, alipofika nyumbani kwetu na kueleza kijana ni nani, Felisiani aliweka kikombe cha chai chini.

"Kiangazi?"

"Anaitwa Optatus," mshenga akasema.

"Mzee wangu, mimi namjua kwa jina la Kiangazi."

Mshenga alipoondoka ndipo Felisiani alipotoa yaliyomjaa. "Mama, mimi si mtoto. Najua kuigiza ni kuigiza. Lakini Jeni akizaa, watoto wake wataitwaje shuleni? Mvua ikichelewa hapa, watu watatazama mlango wa nani? Mwaka huu tu imechelewa, na pale stendi nimesikia kwa masikio yangu wanasema ni yule wa Litapunga. Wanacheka, ndiyo. Leo wanacheka." Akasema atatoa jibu Jumapili ya wiki itakayofuata, na kwa alivyolisema, jibu lilikuwa linajulikana.

Lucia naye alikuwa mkali kuliko mumewe. "Mwanangu ampikie yule? Atakunywa mpaka maji ya kuoshea vyombo."

Jeniffer hakubishana. Alikuwa anakaa jikoni na simu yake anasoma watu wa mbali wanavyoandika juu ya mchumba wake. Mimi nikasogea, maana udadisi ni ugonjwa wangu.

"Wanasemaje leo?"

"Huyu wa Mwanza anauliza: 'Kiangazi, ukija kwetu ziwa utaliacha?' Na huyu anasema: 'Tangu nimemwona huyu kaka nafunika ndoo zangu.'"

"Na huyo wa chini?"

"Huyo hana maana, bibi."

Jeniffer anasahau kwamba mimi nilimaliza darasa la saba na macho yangu bado yapo. Wa chini alikuwa dada mmoja, kaandika: "Mimi niko upande wa Kiangazi. Kifua kile hakiwezi kuwa na kosa." Nikamtazama mjukuu wangu, akageuza simu. Ndipo nikaona amepungua shingo, na sahani yake ya mchana ilikuwa bado imejaa.

Nikajiuliza. Mtu anaweza kuutoa ubaya mkubwa namna ile mahali ambapo haupo? Mtungi hutoa kilichomo. Au yeye anautoa wapi? Nilitaka nimwone kwa macho yangu, asiwe wa televisheni ya Deusdedit, awe wa Mungu.

Nafasi ikaja yenyewe. Kwetu, watu wa Mpimbwe, kijana anayetaka binti haongei sana, anaonyesha mgongo wake shambani. Ijumaa Optatus alikuja kwenye shamba letu la Mwamkulu kutusaidia kuvuruga majaruba ya mpunga. Felisiani hakumfukuza, kwa sababu mtu aliyekuja na jembe begani hafukuzwi. Alimwonyesha jaruba la mwisho kabisa, lenye matope mazito, akaenda kulima upande wa pili.

Habari ilifika kabla yake. Watoto walijipanga juu ya tuta kama ndege wa mpunga, wanatazama maji.

"Yanapungua! Naona yanapungua!"

"Bado hajainama, mjinga wewe. Subiri ainame."

Kila alipoinama na jembe walipiga kelele wakakimbia, halafu wakarudi. Yeye akawa analima tu, matope mpaka magotini. Mara moja tu aligeuka akakunja uso kidogo, wakatawanyika hadi barabarani, na mmoja akaacha kandambili. Optatus akaiokota, akaisuuza, akaiweka juu ya tuta mwenyewe aikute.

Mchana Lucia akaleta ugali na maharage. Alikwenda moja kwa moja akasimama mbele ya kijana, mikono kiunoni, anamtazama usoni.

"Wewe ndiye?"

"Shikamoo, mama. Ndiye."

"Mito ya watu unaipeleka wapi?"

Optatus akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Samahani haijazi ndoo," Lucia akasema, akaweka chakula chini, akaenda mferejini kusuuza masufuria, mgongo kwetu. Nikaona hapo kazi ipo. Mwanamke akikubali mtu awe mkwe wake hasimami naye vile.

Mimi ni bibi, utani ni haki yangu. Nikakaa naye akila.

"Mume wangu, nieleze. Ukishakunywa mto, maji yanakaa wapi?"

Akacheka, na akicheka ana meno ya mtoto. "Bibi, hakuna mto. Kuna kitambaa cha kijani kimetandikwa sakafuni. Mto wanauweka baadaye kwa kompyuta."

"Wa kijani? Na samaki?"

"Hawapo."

"Na Nyamvua anavyoruka?"

"Anafungwa kamba kiunoni. Analalamika kila siku, inambana."

Nilifurahi kama mtu aliyefunuliwa siri ya mganga. Nikauliza na lile lililonileta. "Na macho yale? Nayo wanayaweka na kompyuta?"

Akaacha kula. "Wekundu ni wao. Hasira ni yangu." Akasafisha vidole kwenye majani. "Mwaka ule wa ukame, ng'ombe wa baba walikufa tukiwaangalia. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nimewapa majina. Basi wakisema 'tayari', nawakumbuka wale ng'ombe, navimba. Ndiyo hapo wanarekodi."

"Kwa hiyo anayelia ukame ndiye anayecheza ukame."

"Ndiyo hivyo, bibi. Hawakuwa na mwingine anayeujua."

Kule mferejini masufuria yalikuwa yamenyamaza. Nikamtegea kitendawili kimoja, ili asiondoke na huzuni: "Kila mtu anampiga, na asipokuwepo harusi hainogi."

"Ngoma," akajibu upesi. Halafu akafikiri, akatabasamu. "Umenisema mimi, bibi."

"Wanapokutukana unasikiaje?"

"Wasiponitukana nitajua kazi sijaifanya. Ila..." akatazama upande wa Felisiani, "safari hii wangenitukana kidogo kidogo ningeshukuru."

Jumamosi ikafika. Kesho yake ndiyo siku ya jibu, Optatus na mshenga wake wangefika kulipokea. Jeniffer alipepeta mchele mmoja mpaka nikamwambia utaisha kwa kupepetwa. Jioni tukaenda kwa Deusdedit wote, maana kukaa nyumbani kungekuwa kubaya zaidi. Banda lilijaa. Watangazaji walikuwa wamesema wiki nzima kwamba leo Kiangazi anakwenda kwenye mto mkubwa kuliko yote. Lucia akakaa benchi lake la mbele, mimi ubavuni kwake, Felisiani nyuma yetu na wanaume.

Mwanzo ulikuwa wa maandazi. Kisha mchanga ukatikisika, ngoma zikalia, na Kiangazi akatoka, kifua wazi, amepakwa mafuta anang'aa.

"Huyoooo!" banda zima.

"Mchape!"

"Mwizi wa maji!"

Nikasubiri sauti ya Lucia. Haikuja. Nikageuza kichwa, nikaona amejifunika khanga kichwani mpaka kwenye nyusi, na amejizungusha palepale kwenye benchi, miguu imeelekea kwa waliokaa nyuma, uso umeelekea mlangoni, televisheni ameipa kisogo.

Maiko akamwona. "Mama Jeni! Leo unaogopa?"

Watu wakacheka.

"Mama Jeni, utakosa kipigo!"

"Niambieni tu nyie," Lucia akasema ndani ya khanga. "Nyamvua amefika?"

"Anakuja, anavua aproni."

Felisiani alikuwa hapendi mkewe achekwe. Akainama kati yetu. "Lucia, geuka. Watu wanatazama. Ile ni televisheni tu."

"Nigeuke nimtazame mkwe kifua wazi?" Lucia akasema, kwa ile sauti ya kumshangaa mtu asiye na adabu. "Mbele ya watu wote hawa? Nina wazimu mimi?"

Hapo hata Deusdedit alipunguza sauti ya televisheni, sijui ni makusudi au mkono ulimteleza.

Kwa walio mbali nieleze kidogo. Kwetu mama hamtazami mkwe wake ovyo. Akikutana naye njiani anapisha pembeni, hali naye sahani moja, na akimkuta amevua shati anageuka mpaka avae. Ni heshima. Lakini heshima hiyo haipewi mgeni wala mwizi wa mito. Mtu hamgeuzii mgongo namna ile kijana wa watu baki. Kila mama mle bandani alielewa, na wanaume wakaelewa baada yao kidogo, kama kawaida.

Lucia mwenyewe nadhani aliyasikia maneno yake yakiwa yamekwisha kutoka. Lakini hakuyarudisha. Mpaka leo sijui moyo wake uligeuka saa ngapi. Huenda ni wale ng'ombe. Huenda ni kandambili, au ni sahani za Jeniffer zilizokuwa zinarudi zimejaa. Nimemuuliza, ananiambia, "Mama, pepeta mchele."

Felisiani alibaki ameinama vilevile. Akaitazama khanga ya mkewe, akaitazama televisheni, ambapo kijana wa Litapunga alikuwa anafungua mdomo juu ya mto. Nilihesabu pumzi zake.

"Mkwe," akasema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

"Baba Jeni, huwezi kumkataa kesho," nikamwambia, "mkeo amekwisha kumpisha njia leo, tena mbele ya mashahidi wenye pikipiki."

Akajikuna kidevu. "Wataitwa watoto wa Kiangazi, mama."

"Na wewe utaitwa babu yao. Chagua kipi kinakuuma."

Alinyooka, akamgeukia Maiko aliyekuwa ameshainua ngumi kushangilia kipigo.

"Wewe Maiko. Punguza matusi. Kuna wakwe zake hapa."

Banda likapasuka kwa kicheko. Maiko akashika kichwa. "Sasa tushangilieje, mzee?"

"Kwa adabu."

"Haya." Maiko akasimama juu ya benchi. "Nyamvua! Mchape! Samahani mama. Mchape mkwe!"

"Mchape mkwe!" wakaitikia watoto, na kuanzia hapo ikawa hiyo hiyo. Nyamvua akashuka na ngurumo, Kiangazi akapigwa akagaragara, na banda zima likawa linamwombea kipigo kwa heshima.

Jeniffer alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nikamwona anapita katikati ya magoti ya watu, machozi yanamtoka na anacheka. Akaja akachuchumaa mbele ya mama yake, ambaye bado alikuwa ameelekea huko huko mlangoni, na sasa wakawa wanatazamana wao wawili.

"Amefanya nini sasa?" Lucia akanong'ona.

Jeniffer akachungulia juu ya bega la mama yake. "Amemponyoka. Amerudi mtoni, mama. Anakunywa."

"Wote?"

"Wote. Umekwisha."

Lucia akavuta khanga, akafikiri.

"Ana kiu huyo mtoto," akasema. "Kesho akifika, mpeni maji kwanza, ndipo mumsalimie."