Mpagazi wa Alberta

Lukumani alikuwa hakaliki. Tangu arudi kutoka Kanada, mwaka wa pili sasa, ukimpa kiti anakaa kidogo, mara kainuka, kaenda mlangoni, kachungulia barabara, karudi, kaenda tena. Kazini kwake stesheni ya Tabora, alikokuwa fundi wa breki za mabehewa, treni yoyote iliyotaka mtu wa kufuatana nayo yeye ndiye wa kwanza kunyoosha mkono, iwe ya Mwanza, iwe ya Kigoma, iwe imekwama tu pale Tura. Wenzake walisema Ulaya imemharibu. Kanada si Ulaya, lakini kwa watu wa mtaa wake wa Gongoni penye baridi na Wazungu pote ni Ulaya, na hakuna aliyetaka kufundishwa.

Na jinsi alivyoisimulia hiyo Ulaya yake! Alipelekwa kusomea injini za dizeli katika jimbo la Alberta, akarudi na maneno gunia zima. Kwenye baraza ya kahawa aliwapa watu habari za Banff, ambako maji ya moto yanatoka mlimani na watu wanayaoga huku theluji inawadondokea kichwani. Akawapa Kalgari, ambako kila mwaka wanaume wanapanda madume ya ng'ombe yenye wazimu na kurushwa juu mbele ya umati; hapo Wasukuma wa mnadani walikuwa wakijipiga mapaja na kutaka arudie. Akawapa Drumhela na mifupa ya wanyama wakubwa kuliko nyumba, na Jaspa yenye milima, na barafu ambayo wageni wanaipanda kwa magari, na Ziwa Luiza lenye maji ya buluu ya kanga mpya. "Wallahi nimeyaona kwa macho yangu," ndivyo alivyokuwa akimalizia.

Uongo mtupu. Hakukanyaga hata mahali pamoja.

Ukweli ni kwamba siku ya tatu baada ya kufika kule walimpiga picha ya kifua, wakatazamana, wakampakia katika gari la wagonjwa. Kifua kikuu. Miezi minane alilala katika hospitali moja kubwa nje ya mji, akidungwa sindano na kumeza vidonge vya kujaza kiganja, na dirisha lake lilitazama ukuta. Hayo maajabu yote aliyaona katika kijitabu cha watalii ambacho muuguzi mmoja alimwachia, akakisoma mpaka kikachanika. Alipona kabisa, na barua ya daktari anayo. Lakini nyumba gani ya Gongoni ingempa binti mtu wa kifua? Na yeye binti alikuwa anamtaka, tena mmoja tu, Mwanahawa, mshona kofia, mwenye kucheka bila kuziba mdomo. Alimtaka mpaka akawa anaumwa.

Posa ilipokelewa vizuri. Baba wa Mwanahawa alikwisha kufariki, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa baba yake mdogo, Mzee Yahaya, fundi cherehani na balozi wa nyumba kumi. Mzee Yahaya alikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, na hicho ndicho kilichomkosesha Lukumani raha wiki nzima: Bi Kuluthumu, mama yake Mzee Yahaya na bibi yake Mwanahawa, alitaka kuipokea safari.

Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile. Baba wa Bi Kuluthumu, marehemu Ngollo, alikuwa mpagazi, amebeba pembe za ndovu kutoka Kwihara mpaka Pwani mara sita kwa mabega yake. Wapagazi waliporudi walikuwa wanakalishwa mkekani, wanahojiwa kituo kwa kituo: umelala wapi, umekunywa maji gani, umetoka na nani, umefika na nani. Mambo ya bahari yalikuja baadaye. Nyumba ile haikumwoza msafiri kabla safari yake haijapokelewa, na hata mwaka huo wa sabini na nne, watu wakiwa mbioni na vijiji vya ujamaa, bibi hakuiacha.

Ijumaa, baada ya alasiri, Lukumani akaenda na mshenga wake, Selemani, mtu wa reli mwenzake. Wakakaribishwa uani. Bi Kuluthumu alikuwa ameketi mkekani, mdogo, mkavu, kopo la ugoro gotini. Mzee Yahaya yuko kando yake na beji ya chama kifuani. Mwanahawa alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na kila mtu alijua kwamba yupo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Kaa. Na hayo magoti uyatulize, mkeka hauna siafu."

Watu wakacheka. Lukumani akayashika magoti yake kwa mikono, hayakutulia.

"Haya, niambie. Ulipofika huko Alberta, usiku wa kwanza umelala wapi?"

"Banff, bibi. Sasa pale Banff maji ya moto yanatoka—"

"Maji moto nimeyasikia mpaka sokoni. Umelala wapi?"

"Hotelini."

"Jirani yako nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Mgeni, usiku wa kwanza, peke yako? Makubwa! Haya, asubuhi?"

"Kalgari. Kwa treni."

"Jua la asubuhi lilikupiga usoni au kisogoni?"

Kijitabu hakikuwa na jua. "Kisogoni," akasema, ili mradi ajibu. Akajikaza kisabuni, akaenda mbele: Kalgari, Drumhela, Jaspa, barafu, Ziwa Luiza, kurasa zile zile alizozikariri, na mpangaji wa kurasa zile alikuwa amefuata picha zake zilivyompendeza wala hakufuata barabara.

"Hiyo Luiza iko upande gani?" akauliza bibi.

"Iko pale pale karibu na Banff, bibi. Mwendo wa saa moja tu."

Selemani akafumba macho. Lukumani mwenyewe aliisikia ikitoka mdomoni, na hakuwa na namna ya kuirudisha.

"Karibu na Banff," bibi akasema taratibu. "Sasa wewe mtu wa reli, hebu nieleze. Mtu anatoka Tabora, anakwenda Mwanza, anakwenda Kigoma, anakwenda Dar es Salaam, ndipo anakumbuka kurudi kuitazama Kwihara hapa jirani?" Akavuta ugoro, akapiga chafya mbili za nguvu. "Enzi za baba yangu walikuwako wapagazi wa namna hiyo. Wanaishia hapo Tura, wanajificha kwa wanawake miezi sita, halafu wanarudi kutusimulia bahari. Bahari waliijua vizuri sana! Tuliwakamata kwa kuwauliza walikoteka maji."

Miguu ilimtaka Lukumani ainuke, atoke, akapande treni yoyote. Aliona aibu kubwa, na zaidi ya aibu aliona hasira, maana alikuwa amebakisha swali moja au mawili tu ampate Mwanahawa.

"Basi la mwisho," akasema bibi, na sasa sauti yake haikuwa ya mzaha. "Hili baba yangu hakumwachia mtu. Njiani alibaki nani?"

Lukumani akafungua mdomo. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa "hakuna", neno dogo, rahisi. Lilimkwama. Akatazama mkeka, machozi yakamtoka bila kutarajia, mwanaume mzima, mbele ya mshenga na mkwe.

"Alibaki mzee mmoja, bibi. Anaitwa Eli."

"Eli nani?"

"Kitanda cha jirani. Bibi, sikulala hotelini. Nililazwa. Nilikuwa mgonjwa wa kifua, miezi minane, na hayo mengine yote nimeyasoma."

Selemani akanong'ona, "Umejimaliza, ndugu yangu," lakini Lukumani alikwisha kuyaachia maneno, na hakutaka tena kuyazuia.

Eli alikuwa mwenyeji wa nchi ile, wa wale waliokuwapo kabla Wazungu hawajafika, mwindaji. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, ndiyo maana walielewana. Kila Lukumani alipofungua kijitabu, Eli alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Hapo kwenye maji moto, Eli alimwambia, bibi yangu aliogeshwa alipokuwa mtoto. Na hapo Jaspa palikuwa kwetu; serikali ikapafanya hifadhi ya watalii, tukaambiwa tuhame, siku hizi tukitaka kupaona tunalipa kiingilio.

Hapo Mzee Yahaya, ambaye wiki ile ile alikuwa amezunguka kuwaandikisha watu wa kuhamia vijijini, akakohoa.

"Unakohoa nini, Yahaya?" akasema mama yake. "Nawe una kifua? Mwache aseme. Alikupa njia, huyo Eli?"

Alimpa. Walikuwa wameahidiana kwamba wakipona wataitembea pamoja kwa miguu. Na Lukumani akaieleza, safari hii bila kusita: unatoka Jaspa unaufuata mto kuelekea chanzo chake, jua la asubuhi liko mkono wa kushoto. Usiku wa kwanza unalala penye maporomoko, juu yake, kwa sababu chini hamsikiani. Maji ya kunywa unateka kijito cha pembeni, maana ya mto mkubwa yana vumbi la mawe. Siku ya nne unaikuta barafu. Unapita mbali nayo, usilale, upepo wake unaingia mpaka kwenye meno. Kutoka hapo maji yanageuka, yanakwenda upande mwingine, nawe unashuka nayo hadi Luiza, na ukifika Banff unaoga, unasahau miguu. Bibi alikuwa akiitikia kwa kichwa kila kituo na kuhesabu kwa vidole.

"Akafa lini?"

"Februari. Asubuhi. Kabla ya chai walikwisha kubadilisha mashuka. Hakuna aliyelia, bibi. Mimi niliona haya kulia mbele ya wauguzi. Na tangu siku hiyo sikai."

"Utakaaje, umembeba mtu miaka miwili bila kumtua!" Bi Kuluthumu akavuta ushungi, akainua mikono. "Eli. Sijui dini yake, Mungu anaijua. Tumempokea." Akalia kidogo, kilio cha kweli cha msibani, akajipangusa. "Haya. Safari imefika."

"Mama," Mzee Yahaya akasema, naye hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu, "safari imefika, sikatai. Lakini binti wa marehemu kaka yangu simpi mgonjwa wa kifua. Watu watasema nini?"

"Nina barua ya daktari, mzee. Nimepona."

"Barua naiheshimu, mwanangu. Lakini samahani."

Kahawa ilikuwa imeletwa. Mzee Yahaya akamimina vikombe vinne, na cha Lukumani akakisukuma mbali na vingine kwa ncha ya kidole, mpaka nje ya sinia, juu ya udongo. Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wa kifua: kikombe chake peke yake, na akiondoka kinavunjwa. Lukumani alikinywa nusu kwa adabu, akakirudisha pale pale chini, akaanza kutafuta viatu vyake.

Pazia likafunguka. Mwanahawa akatoka, mbele ya mshenga, mbele ya posa, jambo ambalo halijapata kuonekana katika nyumba ile. Hakumtazama mtu. Akainama, akakiokota kile kikombe kwenye udongo, akakigeuza mpaka upande uliolowa kwa midomo ya Lukumani, akanywa. Alikunywa kahawa yote na machicha yake, akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Mwanahawa!" Mzee Yahaya akapiga kelele.

"Abee, baba mdogo."

"Mtoto huyu hana haya!" akasema Bi Kuluthumu. "Mimi kwa baba yangu ningechapwa mpaka mti uvunjike." Kisha akamgeukia mwanawe, akafungua kopo la ugoro bila haraka. "Haya, balozi. Huyu naye sasa ni wa kifua, tumemwona sote. Utamwoza nani mwingine?"