Kidonge Kwenye Kapu la Vijiko

Jiko la kampuni lilikuwa chini kabisa ya jengo, na mashine ya kuoshea vyombo ilikuwa mwisho wa jiko, karibu na mlango wa kutolea takataka. Kabla ya kuiwasha, Mama Povu alikuwa na utaratibu wake. Alipapasa chujio la chini akatoa mabaki ya wali, akapanga sahani zote zitazame upande mmoja, kisha akachota unga wa sabuni kwenye kopo kwa kijiko cha mezani na kuumimina ndani ya kijumba kidogo mlangoni, chenye kifuniko kinachofyatuka chenyewe maji yakishapata moto. Kijiko kimoja, cha kujaa. Ukizidisha, glasi zinaota ukungu. Ukipunguza, mafuta yanabaki palepale. Jina lenyewe la Mama Povu alilipata siku zake za mwanzo, kabla hajakijua kipimo, povu lilipotoka jikoni likapanda ngazi mpaka mapokezi.

Unga ule ulikuwa na kasoro moja. Ulitoa mchuzi, ulitoa mafuta, ulitoa hata rangi ya midomo kwenye vikombe, lakini maneno haukuyatoa. Sahani iliyooshwa kwa unga ilibaki na maneno ya mwisho ya mtu aliyekula juu yake. Ukiiweka mezani na kukaa mbele yake iliyasema, kwa sauti ileile ya mwenyewe, mara moja, kisha ikanyamaza mpaka iinuliwe na kuwekwa tena. Mwingine akila humo huku anazungumza, maneno yake yalikaa na ya kwanza yakaenda zake. Sufuria hazikusema kitu, kwa kuwa hakuna anayepiga soga na sufuria. Vijiko vilitoa sauti ya kutafuna tu.

Watu walikwisha kuzoea. Mpishi aliupenda unga, maana ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kujua nani kasema nyama ngumu. Msimamizi wa jiko, mtu mwembamba aliyependa kila kitu kije kimefungwa kwenye karatasi yake, alitaka vidonge. Kidonge kimoja kwa kila mzigo, hakuna kupima, hakuna kumwaga, na kinasafisha yote, mafuta na maneno. Alikwisha leta boksi moja la kujaribia, likakaa rafuni halijafunguliwa. Ulikuwa ubishi wa jikoni tu, kama ule wa wapishi na chumvi, mpaka siku lifti ilipoanguka.

Ilianguka na mama wa chai ndani, yeye na sinia lake. Fundi wa lifti alisimamishwa kazi jioni ileile, na huyo fundi ndiye mume wa Mama Povu. Kampuni iliunda kamati. Ilidaiwa kwamba Fundi hakuikagua kamba ya chuma. Yeye alisema aliikagua, akaona nyuzi zinakatika, akapanda kwa meneja kuomba lifti ifungwe, na meneja akamwambia asubiri. Walikuwa wawili tu chumbani. Meneja alisema hakumbuki mazungumzo hayo. Kamati ikimtia hatiani, Fundi angepokonywa leseni, na mtaani angebaki na jina la muuaji. Marehemu alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu kutoka kwao. Watoto wake, waliokuwa wakimkimbilia Fundi kwa shikamoo, sasa walivuka barabara wakimwona.

Siku moja kabla ya kamati kuja kula chakula cha mchana na meneja, Mama Povu alikuwa akikausha sahani. Aliweka mezani ile yenye ukingo wa buluu, ambayo meneja hula nayo, akavuta stuli akaketi.

"Yule fundi alikuja kuniambia kamba inakatika nyuzi," sahani ilisema kwa sauti ya meneja. "Nikamwambia angoje wageni waondoke, lifti isifungwe mbele ya watu. Sasa mama wa watu kafa. Hebu nipe chumvi."

Mama Povu aliinua sahani, akaiweka tena. Ikasema vilevile, mpaka kwenye chumvi. Akaificha sahani nyuma ya masufuria makubwa, akaenda nyumbani.

Fundi alikuwa amekaa kizingitini akinoa kisu kilichokwisha nolewa asubuhi.

"Sahani ya meneja imesema, baba watoto."

"Imesema nini?"

Akamweleza. Fundi aliacha kunoa.

"Hata hilo la wageni?"

"Hata hilo."

"Ndivyo alivyosema. Neno kwa neno." Akakijaribu kisu kwa kidole gumba. "Sasa kamati nzima ikasikilize sahani?"

"Watakulia wapi, viganjani? Mwenyekiti lazima akae mbele ya sahani. Nitaipanga kwenye kiti chake, basi. Sitasema kitu."

"Usijichongee. Kazi imebaki yako peke yake humu ndani."

"Nimekwambia sitafungua mdomo."

Kulipokucha alimkuta msimamizi keshafika, amekunja mikono ya shati. Boksi la vidonge lilikuwa limefunguliwa. Sahani zote, safi na zisizotumika, zilikuwa zimepangwa ndani ya mashine, kombokombo, na mbele kabisa ilikuwa ile ya ukingo wa buluu.

"Hii ilikuwa nyuma ya masufuria," msimamizi alisema bila kumwangalia. "Mpishi kaisikia, na mimi nikaisikia. Meneja anataka zote zioshwe upya. Kwa kidonge."

"Nipishe basi, niweke mimi."

"Leo naweka mwenyewe, dada. Usinielewe vibaya. Nina watoto."

Mama Povu alisogea. Mikono yake haikuwa na pa kukaa, akaifuta kwenye aproni iliyokuwa kavu. Msimamizi alichukua kidonge kwa vidole viwili kama anayeshika yai la mjusi, akatazama ndani ya mashine, akakitupa kwenye kapu la vijiko. Akafunga mlango. Kijumba cha sabuni kilibaki kitupu.

Kidonge kikiwekwa na vijiko kinayeyuka kwenye maji ya kwanza, yale ya kusuuzia, na maji ya kwanza humwagwa. Yanayofuata ni maji matupu ya moto, na maji matupu hayajawahi kufuta neno la mtu. Mama Povu alilijua hilo kama ajuavyo mlango wa kwake. Angeweza kusema, kwa maana kumwona mwenzako akikosea ukanyamaza si adabu aliyofundishwa. Mashine ilikohoa, ikavuta maji. Msimamizi alisimama mbele yake akiwa amekunja mikono kifuani. Mama Povu akasikia maji ya kwanza yakigugumia kwenye bomba kuelekea mferejini, akajua hakuna tena cha kusema.

Mlango ulipofunguliwa mvuke uliwapiga usoni. Msimamizi alikuwa mwoga, hakuwa mjinga.

"Nipe moja nijaribu."

Mama Povu akainama. Kulikuwa na sahani za akiba, zilizonunuliwa zamani, ambazo hakuna mtu aliyewahi kulia chakula. Akampa mojawapo. Msimamizi aliiweka mezani, akavuta stuli, akaketi mbele yake na kungoja kwa muda ambao Mama Povu aliuona mrefu kuliko uchumba wake. Sahani haikuwa na la kusema.

"Umeona?" msimamizi alisema, na uso wake ukalegea. "Nilikwambia zamani. Vidonge."

Kamati iliketi mchana. Chakula kilikuwa kwenye mabakuli katikati ya meza, na kila mtu alikuwa na sahani tupu ya akiba mbele yake, isipokuwa mwenyekiti, aliyepangiwa na Mama Povu ile ya ukingo wa buluu. Mama Povu alisimama kwenye kidirisha cha kupitishia vyakula, akamwona mwenyekiti akivuta kiti. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya upole. Alipoketi tu, sahani ikaanza.

"Yule fundi alikuja kuniambia kamba inakatika nyuzi."

Mwenyekiti, aliyekuwa amekwisha nyoosha mkono kuchukua mwiko, aliurudisha. Kuikatiza sahani si ustaarabu. Meza nzima ilitulia mpaka ikamaliza mambo ya wageni, ya mama wa watu na ya chumvi. Meneja alikuwa akikunja kitambaa chake cha mkononi, akikikunja tena. Mjumbe aliyekaa karibu na kidau cha chumvi alikisogeza mbele kidogo, akaona hakuna anayekihitaji, akakirudisha.

Mwenyekiti alijipakulia wali, akala tonge la kwanza kimya. Asiseme kitu, Mama Povu aliomba moyoni. Ale tu, anyamaze, sahani ibaki na maneno ya meneja. Mwenyekiti akala tonge la pili. Kisha akauliza, akiinamia sahani:

"Vyombo vyenu mnaosha na nini?"

Msimamizi aliitwa. Alisimama mlangoni na jasho juu ya mdomo.

"Vidonge, mwenyekiti."

"Sisi kwetu tunatumia vidonge. Vyombo havisemi. Kidonge ulikiweka wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Pamoja na vijiko."

Mjumbe mmoja, mwanamke mwenye miwani, aliguna. "Hapo kinakwenda na maji ya kwanza. Mume wangu alifanya hivyohivyo, tukala Ijumaa nzima na maneno ya mama mkwe."

Wakacheka kidogo. Mwenyekiti akataka kujua kama unga una nafuu kwenye maji ya chumvichumvi. Mwenye miwani akasema unga una nafuu ya kupimika, lakini unashika unyevu na kuganda koponi. Mwingine akasema kidonge ni cha mvivu. Meneja, aliyekuwa amepata rangi usoni, akasema kampuni iko tayari kwa ushauri wowote. Kila mwenyekiti alipofungua kinywa juu ya sahani ile, Mama Povu aliona maneno ya meneja yakizidi kufukiwa, na machozi yakamjaa, ya hasira.

Akatoka jikoni. Hakuitwa. Alisimama mbele ya meza na aproni yake iliyolowa.

"Samahani, mwenyekiti. Umesikia ilivyosema?"

Mwenyekiti alimtazama bila ubaya wowote.

"Nimesikia, mama. Ndiyo maana nauliza sabuni."

Akarudi kwenye chakula chake, na hakusema tena mpaka alipomaliza.

Uamuzi ulitolewa wiki hiyohiyo. Fundi alizembea, na leseni yake ikachukuliwa. Jiko lilitakiwa kuanzia sasa kutumia vidonge, viwekwe kwenye kijumba cha mlangoni na si kwingineko, na kopo la unga liondolewe. Lifti ilifungwa kamba mpya na fundi mwingine. Meneja alileta shada kubwa kwenye arobaini ya mama wa chai.

"Uliniona nilipokitupa kule?" msimamizi alimuuliza Mama Povu, akibandika juu ya mashine mchoro wa kijumba.

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Ulisema unaweka mwenyewe."

Msimamizi aliulainisha mchoro kwa kiganja, pembe baada ya pembe. Hakumfukuza, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kupapasa lile chujio.

Sahani ya ukingo wa buluu haikupita tena kwenye mashine. Mama Povu aliiosha kwa mkono kwa unga wa mwisho uliobaki koponi, akaifunga ndani ya aproni, akatoka nayo. Hakuna aliyeiulizia, meneja alinunuliwa nyingine.

Nyumbani ndiyo sahani ya Fundi. Huwekwa mezani jioni, naye huketi mbele yake akaisikiliza.

"Nimesikia, mama. Ndiyo maana nauliza sabuni."

Ikishamaliza anapakua. Watoto wamefundishwa kwamba baba akila hakuna kumsemesha, maana atajibu, na akijibu sahani itasahau. Fundi mwenyewe, aliyekuwa mcheshi wa mtaa mzima, hula midomo yake imefungwa mpaka punje ya mwisho. Akitaka chumvi huionyesha kwa kidole, na mkewe humsogezea.