Paka wa Mwalimu na Mchanga wa Timazi

Fundi alichota mchanga kwa beleshi, akaumwaga juu ya saruji, na kabla hata hajatia maji harufu ikampanda puani. Alijua ni nini. Hata hivyo aliinama, akalinyanyua lile donge kwa ncha ya mwiko, akalitazama kama mtu anayesoma barua ya matusi iliyoandikwa kwa jina lake.

"Tena!" alifoka. "Tena mavi ya paka!"

Mkewe alikuwa anaanika nguo kwenye kamba. "Punguza sauti, atasikia."

"Nani? Paka?"

"Mwalimu."

Mtaa mzima ulimwita fundi huyu Timazi, jina la kile chuma kizito ambacho waashi hukining'iniza kwenye uzi ili wajue kama ukuta umesimama wima. Katika umri wa miaka hamsini na miwili hakuwahi kumkabidhi mtu ukuta uliopinda hata kwa unene wa ukucha. Hasira zake nazo zilikuwa hivyo hivyo, zimenyooka, hazijui kona. Angekuwa jirani mwingine, mambo yangekwisha siku ile ile kwa kelele na mlango kubamizwa. Lakini jirani aliyepakana naye alikuwa Mwalimu, mwanamke mstaafu wa miaka sabini na ushee, mnyoofu kama rula, aliyemfundisha darasa la nne. Mbele yake Timazi, pamoja na mvi zake na viganja vilivyokakamaa kwa saruji, aligeuka tena mtoto wa kaptula.

Paka mwenyewe alikuwa dume la kijivu lenye kichwa kikubwa. Mwalimu alimwita Mkaguzi, kwa sababu aliingia kila chumba polepole, akakitazama, akatoka bila kusema neno. Kila kulipopambazuka Mkaguzi aliruka ukuta, akapanda lundo la mchanga wa Timazi, akachimba kishimo chake, akamaliza haja, akafukia, akaondoka na mkia juu. Na mchanga ule haukuwa wa mchezo. Timazi alikuwa akimalizia chumba cha mama mkwe wake, aliyekuwa anahamia kwao kwa sababu magoti yake yalikuwa yameshindwa na ngazi za kule alikokuwa akiishi. Kuta zilikwisha, paa limekaa, ilibaki plasta tu.

Siku hiyo alinawa mikono, akavaa shati safi, akaenda kubisha hodi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Futa miguu."

Akafuta miguu. Akaeleza shida yake kwa adabu zote alizokuwa nazo. Mwalimu alimsikiliza huku Mkaguzi amejilaza mapajani mwake, macho nusu wazi, kama vile anayezungumzwa ni mwingine.

"Mkaguzi hana tabia hiyo," alisema Mwalimu. "Nimemlea vizuri."

"Mwalimu, nimemwona kwa macho yangu haya."

"Umemwona akipita, au umemwona akifanya?"

"Akifanya! Na alinitazama usoni huku akifanya."

"Mtaani humu paka ni wengi. Ukitaka kumlaumu mtu, uwe na hakika."

Maneno aliyokuwa nayo Timazi hayakuwa ya kumwambia mwanamke mzee. Akaaga, akarudi kwake, akaipiga ndoo teke, nayo ilikuwa imejaa maji. Akashinda akichechemea.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa na pikipiki ya mizigo na jibu la kila kitu. Alipokuja jioni kuleta saruji alisikia kisa chote, akacheka, akasema, "Hilo dogo, shem. Kipande cha samaki na dawa ya panya. Kesho huna paka."

Timazi alimgeukia kwa namna iliyomfanya shemeji arudi nyuma hatua mbili.

"Ukithubutu," alisema, "nitakupiga plasta ukutani ubaki humo. Yule ni mnyama. Ameona mchanga, amefanya linalofanywa kwenye mchanga. Mwenye makosa ana miguu miwili na miwani."

Hata hivyo suluhisho hakuwa nalo. Kesho yake akaenda kwa daktari wa mifugo, kijana mpole aliyekuwa akichanja mbuzi nyuma ya soko. Daktari hakumcheka.

"Paka anapenda mchanga mkavu, mwepesi kuchimbika," alimwambia. "Mnyime huo. Funika lundo kwa turubai, au tandaza wavu wa kuku juu yake, hapendi kukanyaga nyaya. Pale palipo wazi mwagia maji. Ukimkuta, mrushie maji kidogo, usimpige. Ila ujue hilo ni nusu ya kazi. Ukimfungia choo bila kumwonyesha kingine, atakitafuta mwenyewe."

Timazi alikumbuka nusu ya kwanza, ya pili ikampita. Akatandaza wavu, akafunika turubai, akaligandamiza kwa matofali pande zote nne. Siku tatu lundo lilikaa safi. Akatembea uani kifua mbele, akapiga plasta ukuta mmoja wa chumba cha mama mkwe, wa pili, wa tatu, akiimba.

Hakujua kwamba Mkaguzi alikuwa ameshahamia ndani. Chumba hakikuwa na mlango bado, na kwenye kona kulikuwa na mchanga uliokwisha kuchekechwa, laini kama unga, mkavu kabisa. Ndio huo huo Timazi aliokuwa akikorogea plasta asubuhi, nusu usingizi, akiwa na mafua.

Mama mkwe alikuja kukiona chumba chake Jumamosi, ameshikwa mkono na mwanawe, yule shemeji. Alikuwa mtu wa maneno machache na heshima nyingi, na Timazi hakuwahi hata kupiga chafya mbele yake. Akaingia. Akasimama katikati. Pua yake ikacheza.

"Mwanangu," alisema taratibu, "humu ndani kimekufa nini?"

Mama mkwe akajifunika pua kwa upande wa kanga, akatoka, akaketi kwenye kiti uani, akaomba maji. Timazi alibaki amekitazama kile kichuguu cha mchanga kwenye kona, na mashimo matatu madogo yaliyofukiwa kwa ustadi. Akachukua patasi na nyundo, akaanza kuibomoa plasta yake mwenyewe, pigo baada ya pigo, mpaka vumbi likatoka dirishani kama moshi. Hakumuaga mama mkwe alipoondoka.

Jumatatu mchana, lango lilisukumwa bila hodi. Alikuwa Mwalimu, bila miwani, kitambaa cha kichwa kimelegea. Nyuma yake walikuwa wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye bomba la mtaa, na fundi cherehani wa jirani, utepe wake wa kupimia bado umemning'inia shingoni.

"Umemfanya nini paka wangu?"

"Sijamfanya kitu," alisema Timazi.

"Siku mbili hajarudi! Mtaa mzima umekusikia ukimtukana. Umempa sumu."

"Mwalimu, sijamgusa."

"Nakujua wewe tangu mdogo!" Sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani, iliyofika hadi dawati la mwisho. "Ndiwe uliyevunja saa ya shule, ukasimama mbele yangu ukaniambia hivyo hivyo: sijaigusa!"

Timazi aliweka mwiko chini, polepole sana. Miaka arobaini na miwili hakuna aliyeitaja saa ile mbele yake. Saa ya ukutani ilikutwa imepasuka sakafuni, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka. Wiki nzima alisimamishwa mbele ya shule asubuhi, saa mbovu imefungwa kwa kamba shingoni mwake, na wenzake wakimuuliza ni saa ngapi. Nyumbani baba yake alimchapa bila kuuliza.

"Si mimi niliyevunja saa ile!" alinguruma, na wanawake wa bomba wakarudi nyuma. "Si mimi! Nilikuwa na miaka kumi, nikakwambia si mimi, hukuniuliza hata mara ya pili! Leo tena unanijia kwangu, mbele ya watu, huna ushahidi, una kinywa tu! Wewe uliyeniambia niwe na hakika! Hakika yako iko wapi, Mwalimu? Iko wapi?"

Mwalimu alikikaza kitambaa chake cha kichwa. Ndipo mkewe Timazi alipomgeukia kaka yake, aliyekuwa akipakua saruji kando na ambaye, kwa mtu wa maneno mengi kama yeye, alikuwa kimya mno.

"Kaka," alisema. "Mbona unaangalia viatu?"

Ikatoka. Jumamosi ile ile, kwa uchungu wa mama yake kuaibishwa, shemeji alimtia Mkaguzi kwenye gunia, akampeleka ng'ambo ya mto kwenye mashine ya kusaga nafaka, ambako mwenye mashine alikuwa akilia na panya. "Hajafa," alisema. "Anakula kuliko mimi."

"Washa pikipiki," alisema Timazi.

Kule mashineni walimkuta Mkaguzi juu ya magunia, mweupe kwa unga. Alipotiwa kwenye kikapu alimchana Timazi kuanzia kiwiko hadi kidole. Timazi hakumlaani. Damu ikimchuruzika alikibeba kikapu magotini hadi kwenye mlango wa Mwalimu.

"Huyu hapa. Shemeji yangu ndiye aliyemchukua. Si mimi."

Akaondoka kabla hajajibiwa.

Kesho yake asubuhi aliingia uani kwa Mwalimu na toroli la matofali. Hakupiga hodi. Akachagua kona yenye kivuli nyuma ya jiko, mbali na macho ya watu, akaanza kujenga.

"Sijakuomba," alisema Mwalimu kutoka mlangoni.

"Najua."

Alijenga kwa hasira, kila tofali akilipiga kama lilimtukana, lakini akalipima kwa uzi na kwa pima maji, maana mikono yake haikujua kujenga vingine. Likatokea sanduku la kina cha magoti, na kijipaa cha bati juu yake ili mvua isilifikie. Akalijaza mchanga mkavu uliochekechwa, na juu yake akatupia beleshi moja la ule mchanga mchafu wa kwake, ili paka aitambue harufu yake.

"Kila siku uchote uchafu," alisema. "Siku ukiacha, atarudi kwangu."

"Unaniagiza?"

"Nakuagiza, Mwalimu."

Mwalimu alishika fremu ya mlango. Akasema, "Ile saa. Mwalimu mkuu alitaka jina siku ile ile. Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Nilikosea."

Timazi alikung'uta vumbi mikononi. Neno hilo aliwahi kuliota. Sasa lilipokuja, damu ilimchemka zaidi.

"Uliniaibisha mbele ya shule nzima," alisema, "halafu unaniambia uani, nyuma ya jiko, mimi na wewe na paka?"

Akasukuma toroli lake, akatoka.

Alikuwa juu ya ngazi, anapiga plasta upya, aliposikia sauti ya Mwalimu kule bombani. Haikuwa kubwa, ila kila neno lilikatwa sawasawa. Alisema kuwa fundi hakumdhuru paka wake, na kwamba zamani, shuleni, alimwadhibu mbele ya watu kwa kosa asilolifanya, akiwa mtoto wa miaka kumi. Akasema ni yeye aliyekosea, mara zote mbili. Ndoo iliyokuwa inajaa ikafurika, hakuna aliyefunga bomba.

Timazi alitaka kuendelea na kazi, lakini plasta ikaanguka chini yote. Akashuka. Akaketi kwenye mfuko wa saruji.

Mkaguzi alihamia kwenye sanduku lake jipya baada ya siku nne, na Mwalimu alichota kila asubuhi. Shemeji alibebeshwa mchanga wote mbovu, peke yake, hadi shimo la taka. Mama mkwe akahamia mwisho wa mwezi, akanusa, akatikisa kichwa kukubali.

Siku hiyo mkewe alimletea Timazi chai, akamkuta bado amekunja uso akiutazama ukuta aliokwisha kuumaliza.

"Mume wangu, bado hujapoa?"

"Bado."

"Utapoa lini?"

"Sijui," alisema, akapokea kikombe. "Miaka arobaini na miwili nimeibana. Niacheni kwanza nikasirike."