Ifunge, Kisha Uifungue

Mwaka wa tisini na sita, kabla watu wa Likoni hawajaanza kutembea na simu mfukoni, mtaa wetu ulikuwa na simu moja tu, nayo ilikuwa sebuleni kwa jirani yetu Agneta. Basi kompyuta yetu ilipoharibika, tuliitengeneza hivi: fundi Ruwa anasema kutoka Changamwe, mimi napokea kwa Agneta, halafu natoa kichwa dirishani na kumpigia kelele mume wangu Boga, aliyekaa barazani kwetu na mashine mapajani. Nikikumbuka leo nacheka peke yangu. Siku ile sikucheka.

Ilikuwa kompyuta ya kukunja, nzito, aliyoletewa na ndugu yake baharia. Humo Boga alikuwa ameandika nyimbo za mama yake, Bi Mwanatatu, za harusi na za kupanda mpunga, ambazo hakuna mwingine aliyezijua zote. Mama alikuwa ameanza kusahau. Leo anasahau chumvi, kesho jina la mwanawe. Boga aliandika mbio mbio kabla hazijamtoka, na nakala nyingine hakuwa nayo. Nilimwambia aandike na karatasini, lakini mwalimu wa shule haambiliki.

Ndipo kompyuta ikagoma. Inawaka, halafu inasema haina diski.

Ruwa alitueleza kwamba betri ndogo ya ndani imekwisha. Diski ni nzima, ila mashine imesahau kuwa inayo. Dawa ni kuingia kwenye menyu ya mipangilio na kuikumbusha.

"Mwambie aifunge, kisha aifungue," alisema Ruwa. "Na akifungua tu, papo hapo afinye kitufe cha F mbili."

"Ifunge!" nikapiga kelele dirishani. "Ifungue! Finya F mbili!"

"Nimefinya! Hakuna kitu!"

Tukarudia mpaka koo likanikauka, na Agneta akawa ananitazama kama nimepagawa.

"Kweli anaifunga?" Ruwa akauliza.

"Wallahi anaifunga, namsikia."

"Basi kitufe kimekufa, dada. Na vipuri vya mashine hiyo hapa Mombasa huvipati. Poleni."

Nilirudi nyumbani nikamkuta Boga kainama, macho mekundu. Nilimwonea huruma, na hasira nilikuwa nayo pia, kwa ajili ya zile karatasi alizokataa kuandikia.

Mama akaita kutoka ndani. "Dhahabu!"

"Abee, mama."

"Nifungulie redio, nisikize nani kafa leo."

Nikaenda, nikazungusha swichi, redio ikaanza kuongea. Nami nikabaki nimesimama pale pale, mkono ungali juu yake. Nimeifungua redio, na sijafunua kitu.

Nikatoka mbio. "Mwalimu, hebu nioneshe ulivyoifunga."

Akashusha kifuniko taratibu.

"Na kuifungua?"

Akakiinua. Taa ya mashine ilikuwa inawaka muda wote huo. Haikuwahi kuzimwa hata mara moja.

"Ya Rabi! Mchana kutwa nimekauka koo, kumbe mwenzangu anafunika sufuria! Ifunge kama redio, bwana! Izime!"

Akaizima. Akaiwasha, kidole tayari juu ya F mbili, na kioo kikageuka buluu: menyu yenyewe. Akaionesha diski yake, ikaitambua, na nyimbo zote zikatokea, hata mstari haukupotea. Boga alinikumbatia barazani, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tuoane.

Akaibeba mashine mpaka kitandani kwa mama, akafunga redio, akaanza kuimba huku anasoma kiooni. Sauti yake mbaya, Mungu anisamehe, lakini mama alitulia akamsikiza, kichwa kikimwenda taratibu.

"Tamu hizo," akasema alipomaliza. "Kazitunga nani?"

Boga akanitazama, kisha akamtazama mamake. "Ni zako, mama. Wewe ndiwe uliyenifunza."

"Mimi?" Mama akacheka, akaziba mdomo kwa leso kama mwari anayesifiwa. "Mwongo we! Haya, nifunze hiyo ya mwanzo."

Boga akarudi mstari wa kwanza, akauimba polepole, na mama akaufuatisha neno kwa neno. Nililia pale pale mbele yao, na wala sikujificha.