Kupanda kwa Rivasi

Oketch aliyaleta magari yote mawili kwa siku moja, na hapo Cherotich akajua ana mfanyabiashara mbele yake. Ukimletea mtu gari moja, anaweza kukuambia hapana. Ukimletea mawili anashughulika na kuchagua, ile hapana inamtoka kichwani.

Magari yakasimama kando ya kibanda cha kukusanyia majani chai, chini ya kilima. Moja lilikuwa pikapu ya kijani ya dizeli, aliyoiendesha Oketch mwenyewe kutoka Mogogosiek. La pili lilikuwa kigari cheupe cha petroli, kilichokaa karibu na ardhi, chenye buti refu. Hicho kililetwa na mkewe, Ayoo.

Mathew, mume wa Cherotich, hata hakukitazama kile cheupe. Aliendesha lori za kiwanda cha chai miaka ishirini na sita, na kwake gari lisilonguruma halikuwa gari. Alienda moja kwa moja kwenye pikapu, akaomba bonati ifunguliwe, akainama kusikiliza injini huku amefumba macho. Kwa muda kidogo alionekana mzima kabisa.

Lakini hakuwa mzima. Tangu Januari figo zake zilikuwa zimegoma. Kila Jumanne na Ijumaa ilimpasa afike Kericho mjini kusafishwa damu, na kati ya nyumba yao na lami kulikuwa na kilima hiki kimoja tu cha udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, na hebu niambie ni lini Kimulot hainyeshi, teksi hukataa kushuka. Mwezi wa Machi Mathew alikosa Ijumaa mbili. Ile ya pili alivimba uso mpaka macho yakaziba, na Cherotich akamwombea kwa Mungu huku amekasirika, maana hakujua amkasirikie nani. Jumatatu yake, na miaka yake hamsini na minne, alienda kujiandikisha kujifunza udereva pamoja na wanafunzi wa chuo cha Kabianga waliokuwa wakimwita "mathe" na kucheka. Alicheka nao, lakini leseni akapata.

"Hii inasukuma tairi zote nne, Mzee," Oketch alisema, akipiga ubavu wa pikapu. "Na dizeli haina haraka. Weka gia ya kwanza, iache ipande yenyewe."

"Na hicho kidogo?" Cherotich aliuliza.

"Hicho kinavutwa na tairi za mbele tu, Mama. Otomatiki, laini, mafuta kinanusa tu. Lakini sitakudanganya. Kwa hiki kilima?" Akatikisa kichwa.

"Basi ni hii," Mathew alisema. "Tunalinganisha nini hapo?"

Cherotich akaipandisha pikapu mpaka juu na kuirudisha. Klachi ilikuwa nzito, lakini kilima ilikimeza bila kelele. Akafungua mlango wa pili.

"Haya, Baba Kipruto, panda twende."

Mathew akashika mlango, akainua mguu. Mguu haukufika. Akajaribu tena, haukufika. Mara ya tatu Oketch akaja nyuma yake, kwa nia njema kabisa, akamkamata makwapani na kumnyanyua kama gunia la majani. Wachumaji waliokuwa kibandani wakingoja lori ya kiwanda wote waligeuza macho kwa pamoja. Hapo ndipo Cherotich alipoumia. Afadhali wangecheka.

"Ni sawa," Mathew alisema kutoka juu, jasho likimtiririka.

Si sawa hata kidogo, Cherotich aliwaza. Mara mbili kwa wiki, ametoka kwenye mashine hana nguvu, anyanyuliwe hivi uani kwa hospitali, watu wakitazama?

"Nataka kujaribu hicho kidogo."

"Mama Kipruto! Kilima hukukiona?"

"Nimekiona. Na wewe pia nimekuona."

Mathew akashika mlango wa pikapu. Akateremka polepole, akatembea hadi kwenye kigari cheupe, akafungua mlango, akaketi na kuvuta miguu yake ndani, mmoja, halafu wa pili. Mlango akaufunga mwenyewe.

Mvua ikaanza papo hapo, kana kwamba nayo ilikuwa ikingoja. Walifika nusu ya kilima. Hapo tairi za mbele zikaanza kuzunguka bure, zikirusha matope.

Sasa, watu wa huku wana tabia moja. Gari likikwama, hawaiti mtu, hawaulizi. Wanakimbia wote na kukaa nyuma. Pikapu za huku na lori za majani husukumwa na tairi za nyuma, kwa hivyo uzito ukikaa nyuma, tairi zinauma udongo. Wamefanya hivyo tangu utoto na wameokoa magari mengi. Wachumaji wanne wakaingia kwenye buti, wawili wakaning'inia nje, wakipiga kelele, "Kanyaga, Mama!"

Akakanyaga. Kigari kikainua pua, kikateleza kinyumenyume na kuangalia mtaro. Cherotich alipiga ukemi. Kiliposimama, aliweka paji la uso kwenye usukani na kulia waziwazi.

"Basi tuchukue pikapu," alisema. "Nimeshindwa."

Mathew alikuwa akiitazama bonati. "Shukeni wote huko nyuma," akaita. "Asanteni. Mnatumaliza." Kisha akamgeukia mkewe. "Hiki kinavuta kwa mbele, na injini iko mbele. Wale wamekaa nyuma, mbele kumebaki kwepesi. Rudi mpaka chini, ugeuze. Tutapanda kwa rivasi."

"Kwa rivasi! Mimi?"

"Uzito wote utalala kwenye zile tairi zinazofanya kazi. Geuza, Mama Kipruto."

Akageuza. Mathew akajipinda kutazama nyuma, mkono mmoja begani kwa mkewe, mwingine ukielekeza. "Kushoto kidogo. Usikanyage sana. Breki usiiguse. Hapo, hapo, kiache." Ilikuwa ile sauti yake ya zamani, ya dereva. Kigari kikapanda kikitazama kilikotoka, polepole, bila kuteleza hata mara moja, na wachumaji wakakisindikiza kwa makofi hadi kwenye lami. Cherotich akapiga honi akicheka, machozi bado usoni.

Mathew akafungua mlango. Akatoa miguu, akasimama mwenyewe, akajikinga chini ya paa la duka la kona.

"Unaenda wapi na mvua hii?"

"Shuka mpaka chini, ugeuze, upande tena. Bila mimi."

"Kwa nini bila wewe? Si gari ni la kukubeba wewe?"

"Siku nyingine nitakuwa nimelala hapo kando yako," alisema. "Sitaweza kukuelekeza. Nataka nijue kwamba utafika."

Cherotich alitaka kubishana, kisha akashika usukani tena. Alijua kwamba si usingizi tu anaouzungumza.

"Usiondoke hapo," alimwambia.

"Niende wapi na miguu hii?"

Akateremka kilima, akageuza, akaweka rivasi na kutazama nyuma. Mathew alionekana kule juu kupitia kioo kilicholowa, amesimama wima, akimwangalia. Alikuwa ametia mikono yote miwili mfukoni, asije akamwelekeza.